“Tuandikie tangazo la amani”: dhana potofu kuhusu redio na ukabila

Uchaguzi ukikaribia, simu ni ile ile: “Mwalimu, tuandikie tangazo la amani la sekunde thelathini, tulirushe kila saa.” Nimeandika mengi. Siandiki tena.

Dhana: Ukiwahimiza watu wapendane, watapendana.

Aliyechomewa ghala la mahindi haguswi na maneno kwamba sote ni ndugu. Anamjua ndugu aliyeshika kiberiti.

Wanaonipigia nawaomba waitazame Rwanda. Mwaka 2004 ulianza mchezo wa redio wa Kinyarwanda, Musekeweya: vijiji viwili vinagombania ardhi, viongozi wanachochea, na vijana wa pande hizo mbili, Shema na Batamuriza, wanapendana. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alifuatilia wasikilizaji mwaka mzima, akawalinganisha na waliosikiliza mchezo wa afya. Imani zao za moyoni hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni walichoona kinakubalika kusemwa na kutendwa mbele ya wenzao.

Mwishoni vikundi vilipewa redio na kanda za kumiliki kwa pamoja. Wasikilizaji wa mchezo wa afya kwa kawaida walimkabidhi kiongozi wa mtaa, wakatawanyika. Wale wa Musekeweya walibishana, mtu akapinga waziwazi, wakaamua kuitunza wenyewe.

Huyo aliyepinga ndiye ninayemtaka. Katika umati unaokwenda kuchoma nyumba wamo wengi wasiomchukia jirani. Wanaogopa tu kuonekana wamebaki nyuma. Basi niandikieni mhusika anayekataa kwenda, mkewe akilia, rafiki zake wakimwita msaliti, na kesho yake bado ana mahali pa kuchota maji. Hata kama itachukua vipindi arobaini.

Dhana: Redio za lugha za mama ndizo tatizo.

RTLM, kituo cha redio cha Rwanda, ilichochea mauaji ya kimbari ya 1994 kwa Kinyarwanda. Musekeweya ilitumia Kinyarwanda hicho hicho. Mfunze mtangazaji, uiache lugha.

Dhana: Tukizinyamazia vurugu, zitatulia.

Redio ikinyamaza, uvumi unashika maikrofoni. Nchini Burundi, Studio Ijambo, iliyoanzishwa 1995 vita vikiwa vimepamba moto, iliwatuma mwandishi Mhutu na mwandishi Mtutsi pamoja. Kila mmoja alimfungulia mwenzake milango ambayo peke yake asingefunguliwa, na taarifa waliyorudi nayo ilikuwa moja.