Barakoa ya Msasa Si Barakoa ya Thina: Kuchagua Kinga ya Pumzi katika Karakana ya Samani

Pita karakana za samani za Keko jijini Dar es Salaam, au zile za kando ya Ngong Road jijini Nairobi, utamkuta fundi anayepiga msasa na mwenzake anayepuliza vanishi wamevaa kitu kimoja: barakoa nyembamba ya hospitali yenye kamba za masikioni, au kitambaa kilichofungwa kisogoni. Wote wawili wanaamini wamejikinga, na hilo ndilo linalotutia wasiwasi zaidi, kwa sababu anayejua hana kinga husogea mbali na vumbi, lakini anayeamini anayo huinama palepale kwenye vumbi.

Barakoa ya hospitali hutengenezwa ili mate ya aliyeivaa yasimfikie mtu aliye mbele yake. Haibani uso. Ukivuta pumzi, sehemu kubwa ya hewa hupita pembeni, kwenye mashavu na kando ya pua, palipo wazi. Kitambaa nacho, hata kikilowekwa maji, huzuia pumba na maranda, si unga laini.

Kuchagua kinga huanza kwa kutenganisha mambo mawili. Vumbi la mbao ni punje, na punje huzuiwa na kichujio cha nyuzi zilizoshikamana. Mvuke wa thina si punje. Umechanganyika na hewa yenyewe, na hupenya nyuzi hizo kama harufu ya pilau inavyopenya pazia la jikoni. Mvuke hunaswa na mkaa maalumu wenye vitundu vidogo visivyohesabika, ulioshindiliwa ndani ya kopo la barakoa. Kichujio cha vumbi hakina mkaa huo. Na kopo la mkaa peke yake halizuii vumbi wala matone ya rangi. Anayepuliza rangi anatoa vyote kwa pamoja, ukungu wa matone na mvuke, kwa hiyo anahitaji vyote viwili.

Vumbi la msasa

Maranda ya randa na pumba za msumeno huanguka chini. Ni uchafu wa kufagia tu. Unga wa msasa namba 180 au 240, hasa wa mashine ya msasa, ni mwepisi kiasi cha kubaki hewani muda mrefu baada ya mashine kuzimwa. Ukitaka kuuona, funga mlango na uache mwanga wa jua upenye tundu moja la bati. Kile kinachoelea kwenye mstari wa mwanga ndicho unachovuta.

Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliorodhesha vumbi la mbao katika kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Saratani inayohusika zaidi ni ya ndani ya pua na mianzi yake, na mbao ngumu ndizo zinazotajwa mbele. Kabla ya kufika huko kuna mafua yasiyoisha, macho kuwasha, ngozi kututumka na pumu. Vumbi la mvule na mninga linajulikana kwa kuwaudhi mafundi. Ubao wa MDF, ule wa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, huongeza tatizo la gundi yenye formaldehaidi.

Nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka kikomo cha miligramu 2 za vumbi la mbao ngumu kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa 8. Chukua chumba cha mita 5 kwa 4, chenye kimo cha mita 3: mita 60 za ujazo. Kikomo hicho ni miligramu 120 kwa chumba kizima, pungufu ya chumvi unayobana kwa ncha za vidole viwili. Meza moja ya mninga ikipigwa msasa kwa mashine isiyo na mfuko wa kunyonya vumbi huvuka kiwango hicho kwa urahisi.

Barakoa za vumbi zenye alama za Ulaya huandikwa FFP1, FFP2 na FFP3. Ya kwanza huchuja angalau asilimia 80 ya punje za majaribio, ya pili 94, ya tatu 99. Za Marekani huandikwa N95, yaani asilimia 95, na P100, yaani asilimia 99.97. FFP1 haifai kwa karakana. FFP2 au N95 inatosha kwa msasa wa mkono wa muda mfupi kwenye msonobari, mahali penye upepo. Kwa mashine ya msasa, mbao ngumu au MDF, chukua FFP3, au barakoa ya mpira ya nusu uso yenye vichujio vya P3 (alama ya Ulaya) au P100. Mlango au kabati la zamani lenye rangi ambayo huenda ina madini ya risasi liingie kundi hilohilo, na nguo za kazi zisipelekwe nyumbani kwa watoto.

Kwa fundi anayepiga msasa kila siku, tunashauri barakoa ya mpira. Bei ya siku ya kwanza ni kubwa, lakini ile ya kutupa yenye alama NR ni ya zamu moja tu, na mtu asiye na nyingine ataivaa wiki nzima. Kichujio cha vumbi kina uungwana mmoja: kikijaa, pumzi inakuwa nzito, nawe unajua muda wa kubadilisha umefika. Usikipige kwa upepo wa kompresa kukisafisha. Unapasua nyuzi na kufungua njia.

Kupuliza vanishi, sila na rangi

Hapa, hata kwa sila inayotangulia kuziba vinyweleo vya mbao, inahitajika barakoa ya mpira yenye makopo ya mkaa, na juu ya kila kopo kichujio cha punje. Kichujio kikikosekana, matone ya rangi huganda juu ya mkaa na kopo hufa mapema, huku mengine yakipita.

Rangi ya mstari kwenye kopo inaeleza kazi yake, ila Ulaya na Marekani hazikubaliani, na madukani kwetu makopo ya pande zote mbili hukaa rafu moja. Kwa mfumo wa Ulaya, kahawia yenye herufi A ni ya mvuke wa thina na jamii yake, na nyeupe yenye herufi P ni ya punje. Kwa hiyo tafuta A2P2 au A2P3, yenye kahawia na nyeupe pamoja; namba ni daraja la uwezo wa kopo au kichujio. Kwa mfumo wa Marekani, nyeusi ndiyo ya mvuke wa thina, na zambarau iliyokolea ni P100. Nyeupe ya Marekani ni ya gesi za asidi, wala si ya vumbi. Manjano ya Marekani hunasa mvuke wa thina pamoja na gesi za asidi. Manjano ya Ulaya ni ya gesi za asidi tu, na mpuliza vanishi akiivaa amevaa kopo lisilo lake. Usinunue kwa rangi peke yake. Soma herufi na namba, na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Thina nazo hazilingani. Toluini huchemka kwenye nyuzi 111 za Selsiasi na mkaa huishika vizuri. Asetoni huchemka kwenye nyuzi 56, na kopo la A limekusudiwa mvuke wa vitu vinavyochemka juu ya nyuzi 65. Thina iliyojaa asetoni hulichosha kopo haraka. Kuna aina ya AX kwa mvuke mwepisi kama huo. Dawa za kubandua rangi zenye dikloromethani, inayochemka kwenye nyuzi 40, tunasema wazi: usizitumie ukitegemea makopo haya.

Kopo linaisha lini? Swali hili ndilo gumu, kwa sababu kopo la mkaa halina uungwana wa kile kichujio cha vumbi. Pumzi inabaki nyepesi kama siku ya kwanza, na mvuke unapita. Kanuni ya kukadiria inayotumiwa na wataalamu wa usafi wa kazi ni kwamba kwa kimiminika kinachochemka juu ya nyuzi 70, hewa ikiwa na mvuke chini ya sehemu 200 kwa milioni, na fundi akifanya kazi kwa kasi ya kawaida, kopo hudumu takriban saa 8. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 85, muda huo hupungua kwa nusu, kwa maana maji nayo hukalia vitundu vya mkaa. Hewa ya pwani wakati wa masika hufika hapo mara kwa mara. Joto, na kazi inayomfanya fundi ahemee, huupunguza zaidi.

Andika tarehe kwa kalamu ya wino usiofutika ubavuni mwa kopo siku unapolifungua, kisha jumlisha saa ulizopuliza. Badilisha kwa ratiba, usingoje harufu. Ukisikia harufu au ladha ya thina ndani ya barakoa, toka nje mara moja. Kopo limeshapita muda wake au barakoa inavuja. Lakini kutosikia harufu si uthibitisho wa usalama: pua ikikaa na thina dakika chache huizoea na kuacha kuitambua.

Kosa jingine ni kuiacha barakoa ikining'inia msumarini karibu na makopo ya rangi. Mkaa haujui kwamba umepumzika. Unaendelea kunyonya mvuke wa chumbani usiku kucha. Na mvuke ulioingia jana husogea polepole ndani ya kopo hadi upande wa pua, ukapumuliwa asubuhi. Kazi ikiisha, weka barakoa kwenye mfuko wa nailoni unaofungwa kabisa, ndani ya ndoo yenye mfuniko, mbali na jua.

Rangi yenye hadina

Rangi na klia (vanishi angavu) za polyurethane za kuchanganya makopo mawili zina isosianeti ndani ya hadina, yaani kigumishio kinachokuja kwenye kopo dogo. Soma lebo ya kopo hilo. Ukiona neno "isocyanate" au "diisocyanate", simama. Kemikali hii haitoi harufu ya kutosha kukuonya, na hufundisha mapafu kuikataa: mtu akishapata pumu yake, kiasi kidogo mno siku nyingine kinaweza kumziba kifua. Kinga sahihi ya kuipuliza ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba la mpira kutoka nje ya eneo la rangi. Hewa hiyo isitoke moja kwa moja kwenye kompresa ya kupulizia rangi, kwa sababu huweza kubeba mvuke wa mafuta na kaboni monoksaidi. Lazima mtambo uwe umekusudiwa hewa ya kupumua. Karakana isiyo na mtambo huo ifanye kazi hiyo kwa brashi na vanishi isiyo na hadina, au ipeleke kwa wenye chumba maalumu. Tunajua mteja anataka ule mng'aro. Mapafu ya fundi hayauzwi dukani.

Barakoa ikae usoni

FFP3 halisi isiyobana inashindwa na FFP2 iliyobana. Ndevu, hata za siku mbili, hutengeneza vijia kati ya ngozi na mpira. Nyoa pale ukingo unapogusa. Asiyeweza kunyoa kwa sababu ya dini au ngozi atafute barakoa ya kofia yenye feni ya betri, isiyotegemea kubana ngozi. Nusu uso huja kwa saizi ndogo, ya kati na kubwa. Karakana isinunue saizi moja kwa watu wote. Mikanda ni miwili: wa juu utosini, wa chini shingoni, na hivyohivyo kwa barakoa za kutupa. Ikiwa barakoa imeandikwa N95 lakini ina kamba za masikioni, ishuku, kwani zilizoidhinishwa Marekani hufungwa kichwani na huwa na namba ya idhini inayoanza na TC-84A.

Kila unapoivaa, ipime. Ziba makopo yote mawili kwa viganja, vuta pumzi taratibu na uishike kama sekunde 10: barakoa inapaswa kunywea kidogo na kubaki hivyo. Kisha ziba vali ya kutolea pumzi na upumue nje taratibu: itafutuka kidogo bila upepo kukupuliza machoni. Ikivuja, legeza, iweke upya, kaza pande zote sawasawa. Baada ya kupiga msasa sila, angalia uso kwenye kioo. Mstari mweupe wa unga ndani ya alama ya mpira, mara nyingi kando ya mfupa wa pua, unaonyesha mahali palipovuja.

Kuosha: toa makopo, tumia maji ya vuguvugu na sabuni ya maji, kausha kivulini. Usifute mpira kwa thina. Hukakamaa na kupasuka. Fungua vali ya mbele uangalie kile kijiutando cha mpira: chembe moja ya pumba chini yake hukizuia kufunga, na kila pumzi unayovuta inapitia hapo.

Vaa kabla ya kuwasha mashine, na usivue inapozimwa. Vanishi inayokauka bado inatoa mvuke, na kufagia hurusha upya unga wote. Afadhali lowesha sakafu kwanza. Puliza penye upepo unaopita ubavuni mwako. Barakoa haizuii moto: mvuke wa thina ukikutana na cheche, makopo hayakusaidii.

Maziwa ambayo wapuliza rangi wengi hunywa jioni "kusafisha kifua" huenda tumboni, hayafiki mapafuni. Ni chakula kizuri, si dawa ya thina. Fedha yake ya mwezi ielekezwe kwenye makopo. Kwa aliyeajiriwa, gharama hiyo si yake: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya mwaka 2003, na ile ya Kenya ya mwaka 2007, zinamtaka mwajiri atoe vifaa kinga.

Kifua kinachobana siku za kazi na kulegea siku za mapumziko, kikohozi cha usiku, au pua inayoziba na kutoka damu upande mmoja kwa wiki kadhaa, visingoje. Nenda hospitali, mweleze daktari kwamba unapuliza rangi au unapiga msasa na kwa miaka mingapi, na beba picha ya lebo za makopo unayotumia, likiwemo lile dogo la hadina.