Mrengo wa kulia: nguvu isiyopimwa kwa viti

Katika uchaguzi wa Uingereza wa mwaka 2015, UKIP, chama cha mrengo wa kulia kilichotaka nchi itoke Umoja wa Ulaya, kilipata asilimia 12.6 ya kura na mbunge mmoja tu. Ukihesabu viti, utasema kilianguka. Lakini tayari mwaka 2013 Waziri Mkuu David Cameron, akibanwa na wabunge wa chama chake mwenyewe waliohofia kunyang'anywa wapigakura na UKIP, alikuwa ameahidi kura ya maoni kuhusu Umoja wa Ulaya. Kura hiyo ilipigwa Juni 2016, asilimia 51.9 wakachagua kutoka, na Cameron akajiuzulu.

Hapa tusichanganye mambo, maana hata wanahabari huchanganya. Uhafidhina ni mkondo wa siku nyingi: unaheshimu dini, familia na mila, na unataka mabadiliko yaende taratibu. Kinachokua sasa ni tawi lake kali, linalowaona wahamiaji kuwa tishio na kudai kwamba wananchi halisi wamesalitiwa na vigogo wao.

Sababu hutajwa nyingi: viwanda kufungwa, msukosuko wa fedha wa 2008, wakimbizi zaidi ya milioni moja walioingia Ulaya mwaka 2015. Mimi naipa uzito zaidi hii ya mwisho. Chama cha AfD cha Ujerumani kilianzishwa mwaka 2013 kikilalamikia sarafu ya euro na hakikuingia bungeni mwaka huo. Kilipogeukia suala la wahamiaji kikapaa, hadi kushika nafasi ya pili Februari 2025 kwa asilimia 20.8.

Vyama vikongwe navyo hujibu kwa kuiga. Denmark, chama cha Social Democrats, cha mrengo wa kushoto, kilikaza msimamo wake kuhusu wahamiaji, na mwaka 2019 kikaingia madarakani. Chama cha Danish People's Party, kinachopinga wahamiaji, kikaporomoka kutoka asilimia 21.1 hadi 8.7, ila sera zake nyingi zilibaki serikalini, zikitekelezwa na wapinzani wake.

Hungary ni habari nyingine, kwa kuwa huko ulishikwa usukani wenyewe. Mwaka 2010 kambi ya Viktor Orbán, kiongozi wa chama cha mrengo wa kulia cha Fidesz, ilipata takriban asilimia 53 ya kura, lakini sheria ya uchaguzi ikaipa theluthi mbili ya viti, kiasi kinachotosha kubadili katiba. Katiba mpya ilipitishwa Aprili 2011 kwa kura za kambi hiyo. Wasoshalisti walisusia. Chama cha Jobbik, waliokuwa kulia zaidi ya Orbán, wakapiga kura ya hapana.