Kabla hujasema "ni dini yao": tafiti za afya, benki na mitazamo kwenye jamii za Waislamu

Kila ikitoka ripoti kuhusu Waislamu kuna asilimia moja itanyofolewa humo, itawekwa kwenye picha na kusambazwa magrupu yote, na ubishi unaanzia hapo. Ile ya Pew, kituo cha utafiti cha Marekani, ya mwaka 2013 bado inazunguka mpaka leo: Afghanistan asilimia 99 ya Waislamu wanataka sharia iwe sheria ya nchi, Kenya 64, Tanzania 37, Uturuki 12, Azerbaijan 8. Namba ziko sawa, wale jamaa walihoji watu zaidi ya 38,000 uso kwa uso kwenye nchi 39, na hiyo ni kazi kubwa kwelikweli. Ila hebu tazama kwanza huo upana, toka 8 mpaka 99, msahafu mmoja, kibla kimoja, halafu mtu anakuja anakwambia "Waislamu wanaamini hivi" kama vile kamhoji mtu mmoja. Na sehemu nyingi waliosema ndiyo walisema pia iwahusu Waislamu wenyewe tu, na wengi waliona kadhi aamue mambo ya ndoa na mirathi, kwenye adhabu kali idadi ikashuka. Hayo kwenye picha hayapo. Saudi Arabia, Iran na India hazimo kabisa kwenye ripoti, sababu za siasa na usalama, kwahiyo hata neno "dunia nzima" lina mipaka yake.

Sisi tunaoshinda na madodoso tunajua kitu kimoja, anachosema mtu kwa mhoji, anachofanya, na anachodhani wenzake wanafikiria ni vitu vitatu tofauti, na hicho cha tatu ndicho kinachosahaulika.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni utafiti wa Riyadh, mji mkuu wa Saudi Arabia, wa wachumi Bursztyn, González na Yanagizawa-Drott, ulichapishwa 2020. Waliwakusanya vijana wa kiume waliooa, wakawa wanakaa pamoja chumbani watu wa maeneo yale yale, kila mtu akaulizwa kwa siri kama anakubali mwanamke afanye kazi nje ya nyumba. Asilimia 87 wakakubali. Kisha kila mmoja akaulizwa akisie, humu ndani wangapi wamekubali? Hapo ndipo mambo yalipoharibika maana karibu robo tatu yao walikisia chini ya ukweli, yaani unakuta mtu kakaa katikati ya watu wanaowaza kama yeye na yeye anajiona yuko peke yake. Nusu ya watu wakapewa majibu halisi ya chumba chao, nusu hawakupewa. Mwisho wakachaguzwa, uchukue kadi ya zawadi au mkeo aandikishwe bure kwenye huduma ya kutafutiwa kazi. Ambao hawakuambiwa chochote, asilimia 23 waliandikisha wake zao, walioambiwa wakafika 32. Miezi michache baadaye wakapigiwa simu, na wake wa hawa wa pili walikuwa wameomba kazi za nje ya nyumba na kuitwa kwenye intavyuu zaidi ya wenzao. Hakuna aliyehubiriwa wala kubadilishwa imani. Wameonyeshwa tu jirani anawaza nini basi, na mimi naona huo ni ushahidi mkubwa kuliko makongamano mengi niliyokaa.

Tuje kwenye hela. Inasemwa sana Waislamu hawaendi benki kwa sababu ya riba. Data za Findex, utafiti wa Benki ya Dunia wa jinsi watu wanavyotumia huduma za fedha, zilizoanza kukusanywa 2011, zilichambuliwa kwa nchi 64 na kweli ikaonekana Waislamu wana uwezekano mdogo wa kuwa na akaunti au kuweka akiba benki, hata ukiweka sawa kipato na elimu. Ila kwenye kukopa tofauti haikuonekana! Sasa kama shida ni riba tu, mkopo si ndio ulitakiwa kukimbiwa wa kwanza? Hapo inabidi ukae ufikirie upya. Watafiti wakaenda nchi tano, Algeria, Misri, Moroko, Tunisia na Yemen, wakakuta asilimia 48 wamewahi kusikia habari za benki za Kiislamu na wanaotumia huduma zake ni asilimia 2. Ukiwauliza kinadharia tu, wengi wanasema wangechagua bidhaa ya Kiislamu hata ikiwa ghali zaidi. Kati ya kusema na kusaini kuna tawi lipo mbali, kuna karatasi za kujaza, kuna bei, na kuna kutoamini kama kweli hiyo bidhaa ni halali au ni riba imebadilishwa jina.

Hilo la mwisho tusilidharau. Chukua murabaha, mkataba wa benki za Kiislamu wa kukuuzia kitu badala ya kukukopesha hela, ndiyo inayotumika sana. Unataka mashine ya kushonea, benki hawakupi hela, wanainunua wao kwanza, inakuwa mali yao hata kama ni kwa muda mfupi na hasara ikitokea hapo ni yao, halafu wanakuuzia kwa bei waliyonunulia wakiongeza faida mnayokubaliana mwanzoni na unalipa kidogo kidogo. Bei haipandi tena. Ukichelewa kwa makusudi unaweza kutozwa faini ila hiyo hela inatakiwa iende sadaka, siyo mapato ya benki. Sasa mteja wa kawaida anachoona ni marejesho ya kila mwezi yanayofanana na ya benki ya jirani, na hakuna afisa aliyekaa akamweleza hatua hizi moja moja, unategemea aamini vipi. Taasisi kama AAOIFI ya Bahrain, ipo tangu 1991, inaandika viwango vya mikataba hii, lakini viwango vinasomwa na wanasheria, siyo na fundi cherehani.

Kwenye chanjo ni hadithi ile ile ya kuaminiana. Mwaka 2003 Kano, Nigeria, walisimamisha chanjo ya polio, dunia ikasema ni msimamo mkali wa dini. Wachache walikumbuka kwamba mwaka 1996 hapo hapo Kano, katikati ya mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa yake mpya kwa watoto, wengine wakafariki, na kesi zikaburutana mahakamani miaka na miaka. Mzazi aliyeyaona hayo anahitaji zaidi ya bango la kampeni. Waliporudi kwenye chanjo 2004, mojawapo ya vitu vilivyosaidia ni chanjo kutengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu wenzao. Wakati huo virusi vilishavuka mipaka kwenda nchi kibao. Pakistan nako, 2011 ikafichuka kwamba shirika la ujasusi la Marekani lilitumia kampeni ya chanjo kama kifuniko wakimsaka Osama bin Laden, na wahudumu wa polio wakaja kulipa kwa damu.

Sasa usije ukatoka hapa ukisema dini haina lolote, maana kuna mahali inasema kwa sauti kubwa kabisa. Utafiti wa EPIDIAR, uliotoka 2004, ulifuatilia wagonjwa wa kisukari zaidi ya 12,000 kwenye nchi 13: wa aina ya pili asilimia 79 walifunga Ramadhani, wa aina ya kwanza 43. Na ruhusa ya mgonjwa kutofunga imo ndani ya Qurani yenyewe, suratul Baqara, wanaijua vizuri sana, wanafunga hivyo hivyo. Sukari kushuka vibaya mpaka mtu akimbizwe hospitali kuliongezeka karibu mara tano kwa aina ya kwanza na zaidi ya mara saba kwa aina ya pili. Daktari anayesema "usifunge" na kufunga faili hajasaidia kitu, mgonjwa atakubali kwa kichwa, atafunga, na hatamwambia.

Ndiyo maana miongozo ya siku hizi inataka mgonjwa aonane na daktari wiki 6 mpaka 8 kabla ya Ramadhani, waangalie hatari yake, wapange dozi na saa za dawa, hasa insulini na vile vidonge vinavyolazimisha kongosho itoe insulini. Aliye kwenye hatari kubwa aambiwe wazi asifunge, ikibidi na imamu awepo. Anayefunga apime sukari mchana, kujitoboa kidole hakubatilishi swaumu. Ikishuka chini ya 70 (au 3.9 kwa mashine zingine) afungulie hapo hapo, ikipita 300 (16.7) afungulie pia, na akijisikia vibaya, jasho, kutetemeka, kizunguzungu, asisubiri adhana.