Je, wajua kwa nini vyakula vikavu vya kupima huchafua mazingira kidogo kuliko vya pakiti?

Anza na hesabu ya maumbo. Mchele wa kilo 25 ukiugawa katika pakiti 25 za umbo lilelile la gunia, eneo la kufungia huongezeka karibu mara tatu. Mfuko unavyozidi kuwa mdogo, ndivyo ngozi yake inavyokuwa kubwa ukilinganisha na kilichomo. Tena gunia hukung'utwa likatumika upya, ila pakiti ikishachanwa imekwisha kazi. Zile zinazong'aa kwa ndani ndizo korofi zaidi: plastiki za aina tofauti na alumini hugandishwa pamoja, na kuzitenganisha ili zirejelezwe ni kazi ngumu, hivyo nyingi huishia jalalani au motoni.

Hata hivyo, faida kubwa haimo kwenye plastiki, imo kwenye kipimo. Unataka dengu gramu 150, pakiti ni ya gramu 500; zile 350 hukaa kabatini hadi zisahaulike. UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, inakadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilitupa takriban tani bilioni 1.05 za chakula, asilimia 60 kutoka majumbani. Chakula kikioza chini ya rundo la taka pasipo hewa hutoa methani, gesi ambayo kwa miaka 100 hupasha joto karibu mara 28 kuliko uzito uleule wa kaboni dioksidi.

Ndiyo maana chakula cha kupima kikiharibika, faida yote imepotea. Tazama pipa la kuchotea kwa kijiko: mzigo mpya humiminwa juu, wateja huchota juu, na nafaka ya chini huzeeka miezi mingi hadi fukusi wanaanza kutoboa. Pipa lisafishwe na likauke kabisa kabla ya kujazwa. Mtungi unaojazwa juu na kutolea chini ni bora, kwa kuwa cha zamani hutoka kwanza. Nafaka na maharage yawe na unyevu usiozidi asilimia 13 hivi. Ukizidi, kuvu huota. Karanga na unga wa nafaka isiyokobolewa sipendi kuziona kwenye mitungi inayopigwa na jua: mwanga na hewa huharibu mafuta yake, na harufu kali hukuambia mapema.

Mnunuzi naye asikimbilie kununua mitungi mipya ya kioo. Kopo la zamani lenye kifuniko kinachobana linatosha. Lioshwe, likauke kabisa, lipimwe tupu kwanza ili uzito wake utolewe kwenye mizani. Wala usiwashe gari kwa ajili ya nusu kilo ya maharage: lita moja ya petroli hutoa zaidi ya kilo 2 za kaboni dioksidi, wakati mfuko uliouepuka una gramu chache tu za plastiki. Ukifika nyumbani na unashuku mayai ya wadudu, weka nafaka kwenye friza, nyuzi 18 chini ya sifuri, kwa siku nne, kisha iache ipate joto la chumba ikiwa bado imefungwa, isije ikaloa.