Vouvray si jina la utamu

Juma lililopita mteja alinizuia nisifungue chupa. “Kaka, mimi nimeagiza mvinyo mkavu, wewe umeniletea Vouvray.” Kwenye lebo, chini ya jina, imeandikwa sec, yaani mkavu, usio na utamu. Nikamwonyesha. Akasoma, akatikisa kichwa: Vouvray ni tamu, kila mtu anajua. Hicho “kila mtu anajua” ndicho kilichonikalisha kuandika. Haupiti mwezi sijakisikia, na mara nyingine kinatoka kwa wenzangu wanaomimina mvinyo kila siku.

Vouvray ni mahali. Ni kijiji kwenye ukingo wa kaskazini wa mto Loire, mashariki kidogo ya jiji la Tours, Ufaransa. Tangu 1936 jina hilo linalindwa kisheria kwa mvinyo mweupe wa kijiji hicho na vijiji jirani. Zabibu yake ni Chenin; Orbois inaruhusiwa kidogo sana, tuiache. Ng'ambo ya mto ni Montlouis, wenye zabibu ileile na jina lao wenyewe. Katika hayo yote hakuna panaposema mvinyo lazima uwe mtamu. Unatoka mkavu, unatoka nusu mkavu, unatoka mtamu kabisa, na zaidi ya nusu ya mvinyo wote wa Vouvray hutoka na mapovu.

Utamu ukiwepo, umetoka wapi? Hapa ndipo ninapoomba mtu anisikilize. Shika kichala kimoja cha Chenin mwezi Oktoba. Upande mmoja punje bado ni kijani na ngumu, ukiuma meno yanakufa ganzi kama umekula embe bichi. Katikati zimegeuka rangi ya dhahabu. Chini, palipopata ukungu wa asubuhi kutoka mtoni na jua la mchana, punje zimekunjamana, zimekuwa kahawia, zimeota kuvu. Kuvu hiyo, Botrytis, inatoboa ganda, maji yanatoka, sukari inabaki, na uchachu nao unabaki. Ndiyo maana mwaka mzuri wavunaji hupita shamba lilelile mara mbili, tatu, hata zaidi, kila safari wakikata kilichoiva kwa kazi yake. Mwaka wa baridi na mvua hakuna cha kusubiri: unavuna mapema, unatengeneza mkavu na wa mapovu. Mwaka kama 1947 au 1989, mitamu inajaa ghalani. Anayeamua ni hali ya hewa.

Kwa hiyo naumia nikisikia “wameongeza sukari”. Ndiyo, mwaka mbaya sheria inaruhusu sukari kuongezwa kwenye maji ya zabibu kabla hayajachachuka, lakini kusudi lake ni kuongeza nguvu ya mvinyo: hamira inaila na kuigeuza kuwa alkoholi. Kwenye moelleux, yaani ile mitamu, utamu unaouonja ni wa zabibu yenyewe.

Na neno “tamu” lenyewe linadanganya. Soda ya kawaida ina sukari kama gramu 100 kwa lita. Mvinyo unaoitwa moelleux unaanzia juu ya gramu 12 na kuishia 45. Sheria ya Ulaya inakubali hata mvinyo wenye gramu 9 uitwe mkavu, mradi asidi yake isiwe chini ya sukari kwa zaidi ya gramu 2. Walioiandika walijua kwamba ulimi hausomi sukari peke yake. Fikiria ukwaju: weka kijiko cha sukari kwenye glasi ya maji, kisha kijiko hichohicho kwenye glasi ya ukwaju, halafu uniambie ipi ni tamu. Chenin ya Vouvray ndiyo ukwaju wenyewe. Nimewamiminia watu nusu mkavu bila kuwaonyesha lebo, na wale wale wasiokunywa “vitamu” wakausifu kwa ukavu wake.

Nami nimewahi kukosea. Chupa changa ya nusu mkavu, ikiwa baridi sana, naweza kuiita mkavu. Chupa ya miaka thelathini inanishinda zaidi: utamu unaonekana kama umezama, ingawa sukari haijaenda popote. Nimesoma maelezo kadhaa ya jambo hilo na hakuna lililoniridhisha. Vilevile mwenzangu akiniambia anaonja jiwe la chokaa, lile jeupe la tuffeau walilochimba maghala yao ya mvinyo ndani yake, namwambia mimi naonja uchachu. Sidhani kama jiwe linapanda hadi kwenye glasi.

Hata sisi Chenin tunayo, Dodoma, ambako mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Kule jua ni kali, uchachu unashuka haraka, na ukiacha sukari kwenye mvinyo wa namna hiyo utasikia sukari hasa. Ni zabibu ileile, ila hesabu ni nyingine, kwa hiyo usiipime Vouvray kwa kumbukumbu ya Dodoma.

Mteja wangu nilimmiminia vidole viwili tu. Alikuwa na kamba wa nazi mbele yake. Alionja, akanyamaza, akala, akaonja tena, kisha akasukuma glasi kuelekea kwangu nijaze.