Kusuka maziwa na kusuka nywele: kitenzi kimoja au viwili?

Kitenzi "suka" humtaabisha mhariri wa kamusi, kwani umbo moja limebeba kazi mbili zisizofanana: kusuka nywele, ukili au mkeka, na kusuka maziwa, yaani kuyatikisa chomboni mpaka mafuta yajitenge na kuwa siagi. Wapo wanaoona kuwa mkono unaokwenda na kurudi ndio unaoziunganisha kazi hizo. Mimi hoja hiyo hainiridhishi, na ningeyapa maneno haya vidahizo viwili, yaani maingizo mawili ya kamusi, kama homonimu: maneno yenye umbo moja lakini maana zisizohusiana.

Ushahidi wangu umo katika minyambuliko. Anayesuka nywele ni msusi na kazi yake ni ususi, lakini sijapata kusikia mtu anayesuka maziwa akiitwa msusi. Kwa upande wa pili, abiria waliosukwasukwa na basi kwenye njia ya makorongo, jahazi linalosukwasukwa na mawimbi, hata msukosuko wa kisiasa, vyote vimebeba maana ya kutikisa, wala hakuna nywele humo. Njama, mipango na vikosi vya mpira, ambavyo waandishi wa michezo hawachoki kutuambia kuwa vinasukwa upya, vimefuata mkeka.

Fasili ya kamusi nayo isiishie kwenye "tikisa", kwa sababu si kila mtikiso ni kusuka. Maziwa yaliyolala yakaanza kuchachuka humiminwa katika kibuyu kisichojazwa hadi juu, maana pasipo nafasi maziwa hayapigiki. Kisha kibuyu hupakatwa na kupelekwa mbele na nyuma kwa mwendo usiobadilika. Matone ya mafuta, ambayo kila moja limevikwa utando mwembamba, hugongana hadi utando upasuke, yakashikamana, na mzoefu hutambua kwa sikio, pale mchapo mwepesi unapogeuka kuwa kishindo cha mabonge. Siagi huopolewa na kuoshwa kwa maji safi, na ikichemshwa hadi maji yaishe hupatikana samli. Kinachobaki kibuyuni ndicho mtindi kwa maana yake ya asili, ingawa leo nchini Tanzania jina hilo hupewa maziwa ya mgando hata yasiyotolewa siagi, na ukiambiwa mtaani kwamba fulani amepiga mtindi, usimtafute zizini.

Jirani zetu wa Kinyarwanda na Kirundi hawana utata huu, kwani wao husema "gucunda" kwa kazi hii ya maziwa, na ususi una kitenzi chake.

Linabaki "suka" la daladala, yaani dereva. Hilo ni nomino, nalo limekatwa kutoka usukani, neno lenye asili ya Kiarabu, kwa hiyo halihusiani na kibuyu wala kichana. Nimelipa kidahizo cha tatu, chenye alama ya lugha ya mitaani.