Je, wajua? "Methinks" si Kiingereza kibovu

Antony anaponyamaza kidogo katikati ya hotuba yake, raia mmoja anamwambia mwenzake: "Methinks there is much reason in his sayings." Yaani, aonavyo yeye, jamaa ana hoja. Ni katika Julius Caesar ya Shakespeare, tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri.

Wengi wakilikuta neno hilo hudhani ni "I think" iliyoharibika: msemaji kachanganya me na I, kisha kachomeka s isiyo na kazi. Wengine huliona kama pambo la kishairi tu. Wote wamepotea. Sarufi yake imenyooka; ni hiyo think ya ndani isiyo think tunayoijua.

Kiingereza cha kale kilikuwa na vitenzi viwili: þencan, kufikiri, na þyncan, kuonekana (þ husomwa th). Kijerumani bado kinavyo, denken na dünken. Kwa Waingereza matamshi yakasogeleana, hata wakati uliopita wa vyote viwili ukawa thought. Cha pili kikamezwa, kikasalia kimeng'ang'ania me.

Na me hiyo si mtenda. Sisi husema "yanipasa niende". Hakuna asemaye "napasa niende". Wajibu unanijia mimi: -ni- ni mpokeaji, na ya- ni mambo yenyewe, hayatajwi. Me ndiyo -ni- yetu. Ile s ni ya nafsi ya tatu, kama katika it seems, ila it haikuhitajika enzi hizo. Kwa hiyo methinks ni "huonekana kwangu".

Biblia ya King James ya 1611 inalionyesha vizuri. Katika 2 Samweli 18:27 mlinzi wa Daudi, akiwa juu ya lango, anamwona mtu akija mbio. Anasema "Me thinketh" (-eth ni umbo la kale la ile s), mwendo wake ni kama wa Ahimaasi. Hajakaa kuwaza, jicho ndilo limemletea. Hata hivyo tusiikaze mno tofauti hii kwa Shakespeare, maana wahusika wake husema I think kila mara.

Siku hizi Waingereza hulitumia kwa utani, hasa wakimchokoza mtu anayekanusha kupita kiasi: "Methinks the lady doth protest too much." Maneno hayo yametoka Hamlet, tamthilia nyingine ya Shakespeare, ila humo methinks huja mwishoni mwa sentensi, na protest ya wakati ule ilikuwa kuapa, si kukanusha. Malkia Gertrude, akitazama igizo, anamsema mwigizaji anayeapa kwamba mumewe akifa hataolewa tena.